Doa la Kijani

Februari, saa nne asubuhi, naegesha basi Glenshee
na wanafunzi hamsini na wawili kutoka Perth wanashuka
wakitembea kama watu waliofungwa plasta miguu yote.
Buti hizo! Ko, ko, ko, juu ya ngazi zangu.
Mwalimu wao, Bi Mhairi, huniuliza kila mwaka:
"Shemdoe, leo utapanda?"
Nami kila mwaka: kazi yangu ni kulinda basi.
Kana kwamba kuna mwizi wa basi kwenye upepo ule.

Nazima injini, nafuta kioo kwa kiganja,
natazama lifti ikiwaburuta mmoja mmoja
kama mishikaki inayoingia motoni,
ila moto wenyewe mweupe.
Huko juu wanakuwa nukta.
Kisha nukta zinarudi zikipiga kelele.

Struan alirudi mapema. Miaka kumi, kamasi imeganda.
Hakuanguka, alisema. Aliangalia chini tu.
Nikammiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa,
akanywa, akakohoa, akaomba tena.
"Kwenu kuna mlima?"
Nikasema Lushoto ni milima mitupu,
hata uwanja wa mpira una upande wa juu na upande wa chini.
"Theluji?"
Hakuna.
"Sasa mnashukaje?"
Kwa miguu, nikamwambia.
Nilimdanganya, au nilisahau;
kumbukumbu nayo huganda ikikosa joto.

Julai nimeleta wastaafu kumi na mmoja wenye fimbo.
Wanamtafuta ndege fulani mdogo
ambaye, nadhani, anangoja wapite ndipo aimbe.
Mlima umevuliwa nguo. Nguzo za lifti zimesimama bure,
uzio wa mbao wa kuzuia theluji hauzuii kitu,
kondoo anapita kwenye pengo, anageuka, anapita tena.

Nikapanda na viatu vyangu vya kazi.
Mteremko ule waliokuwa wakiumeza kwa dakika moja
ulinitafuna dakika arobaini.
Chini ya waya theluji ilikuwa imetema ilichokula:
glavu ya mkono wa kushoto, sarafu ya pauni,
simu iliyolewa maji, fimbo iliyopinda,
na kipande cha sleji ya plastiki, chekundu,
kimepasuka ukingoni.

Nikakiokota. Upana wake
ni upana wa gamba la mgomba.

Ndipo ikanijia Lushoto baada ya mvua,
watoto tumekalia magamba,
udongo mwekundu umelainika kama samli,
Ngoda mbele, mimi nimemng'ang'ania kiuno,
tunashuka hadi kwenye kabichi za mtu
ambaye keshakata fimbo, anatungoja.
Hivyo ndivyo tulivyoshuka, Struan.

Nikatazama kushoto, kulia. Kondoo tu.
Miaka hamsini na minne, tai ya kampuni shingoni,
nikakaa.

Sitaeleza sana. Mvua ya asubuhi ilikuwa haijakauka.
Jiwe moja lilinisalimia kwa heshima zote.
Nilipiga ukelele kwa Kishambaa,
na mlima, usioijua lugha hiyo,
ukaurudisha vizuri kabisa.
Nilikomea kwenye matope karibu na choo cha wageni,
ambapo Bwana Farquhar alikuwa akifunga kamba za kiatu.
Hakuuliza kitu. Alinipa leso.

Suruali ya sare ina doa la kijani makalioni.
Zaituni amejaribu limau, amejaribu chumvi,
sasa amebaki kucheka.
Kile kipande chekundu nimekificha chini ya kiti cha dereva.
Bado miezi saba.