Reli Moja, Kijiti Kimoja

Saa kumi na moja alfajiri, nje ya Tabora,
upande wa barabara ya Urambo, miombo ikidondosha umande,
roketi yetu imesimama kwenye mlingoti,
kimo chake nguzo ya simu,
nyeupe, isipokuwa pale rangi ilipotuishia.

Mimi ndiye mshika daftari.
Nasoma, wenzangu wanaitikia.
Valvu ya kupumulia? Mpya, imepimwa mara tatu.
Miavuli? Miwili. Mwaka jana ulikuwa mmoja,
ukagoma kufunguka.
Mpira wa kuzibia? Nkwabi anaupapasa
kwa mkono wa kushoto. Wa kulia
hausikii kitu tangu jaribio lile la kwanza,
na hakuna anayemharakisha.

Kisha Kalunde.
Babaye alikuwa mtu wa ishara stesheni,
zama ambazo treni ya Kigoma haikuondoka
mpaka dereva akabidhiwe kijiti mkononi:
reli moja, kijiti kimoja,
huna kijiti, huna njia,
hata uwe umembeba nani.
Ndiye aliyetukatalia swichi ya kawaida.
"Swichi haijui nani yuko wapi," alisema.
Akachonga ufunguo wa shaba, mmoja tu,
umeme haupiti bila huo,
akautia uzi, akauvaa.
Tulicheka. Tukamwita Bibi Stesheni.

Leo tulikwenda watano mlingotini.
Nyuma ya magunia ya mchanga nahesabu vichwa:
wanne.
Kompyuta inasema tayari. Upepo umelala.
Mkuu wa mradi anatazama saa, anamtazama Kalunde,
Kalunde anatazama miombo.
Hasemi neno. Mkono uko kifuani.

Dakika saba.
Mtu anakohoa, anaomba radhi, sijui kwa nani.

Ndipo Msabila anachomoza, mbio, jasho,
anapunga spana:
"Niliisahau chini ya mkia!"
Chini ya mkia. Palepale moto unapotokea.

Hakuna anayemgombeza. Nkwabi
anaipokea spana kwa ule mkono usiosikia,
anailaza chini taratibu, kama yai.
Naandika: watano.

Kalunde anauvua uzi.
Nanyoosha kidole, naugusa ufunguo
kabla haujaingia tunduni, sijui kwa nini.
Bado una joto la kifua.