Mpira wa Kioo cha Nyuma

Jumamosi, Bilston. Baridi ya Novemba imekaza kila kitu.
Mpira umetoka kwenye boksi mgumu
kama kiatu kilichosahauliwa uani,
nikauchovya jikoni kwenye beseni la maji ya moto,
lile lile ninalorowekea maharage.
Idarusi akapita, akachungulia:
"Leo tunakula nyoka?"

Alikuwa aende mpirani.
Huu nao ni mpira, nikamwambia, neno ni moja.
Hakucheka. Lakini njumu alizivua.

Gari ni Anglia ya sitini na tano.
Niliinunua kwa mtu wa Tipton aliyefugia kuku humo;
chini ya dashibodi bado kuna unyoya,
sijautoa, sijui kwa nini.
Kioo cha mbele nililipa fundi.
Cha nyuma kimeinamia ndani, kinyume cha magari yote,
kama mtu aliyesusa meza
akageuza kichwa tu, mwili akauacha pale pale.

Kazi inataka watu wawili:
mmoja ndani na kamba, mmoja nje na viganja.
Mpira unavishwa kioo kwanza, pembe kwa pembe,
kisha kamba inalazwa katika mfereji wake, mzunguko mzima,
ncha zipishane chini, shibiri moja.
Kamba yangu ni ya pazia. Sabuni ni ya vyombo.
Wahenga walituhimiza tuzibe ufa;
hawakusema kwa mpira namba ngapi,
wala kwamba duka litakuletea kwanza wa gari jingine.

Idarusi akaingia, mahali ambapo kiti bado hakijarudi,
akapiga magoti juu ya gazeti.
Milango tukaifunga, upepo.
"Vuta," nikapaza sauti. "Kuelekea kwako. Polepole!"
Akavuta. Mdomo wa mpira ukapinduka juu ya bati,
sentimita moja, na nyingine,
kwa kijisauti cha mtoto anayeachia titi.
Mimi nje nagonga kwa kiganja wazi, si ngumi.

Bwana Cotterill akachomoza kichwa juu ya ua:
"Umeugeuza nyuma mbele huo."
Hakuna kilichogeuzwa. Ndiyo salamu yake.

Pembe ya kulia kamba ikagoma.
Tukatazamana kupitia kioo, pumzi yake imekitia ukungu.
Mwezi wa nne huu tunasemeshana kwa vyombo:
sufuria ikibwagwa, ujumbe umefika.
Tangu nilipokataa asihamie kwa baba yake, Slough.
Sasa yuko shibiri moja na uso wangu
na hawezi kuondoka mpaka kamba itoke.

Nikaongeza sabuni. Akavuta kwa mikono miwili.
Ikatoka yote kwa mpigo, akaenda chali juu ya gazeti
na kamba kifuani.

Hapo sauti yake ikazimika.
Redio ya Cotterill niliisikia, mbwa nilimsikia;
mwanangu, midomo inacheza tu.
Anasema jambo. Refu.
Nikaitikia kwa kichwa, kama mama anayeelewa.

Baadaye tukafunga utepe wa kromu ubavuni,
vibanio kumi na vinne, kimoja hatukioni
(Idarusi amekikalia),
kila kimoja kikiingia tundu lake, ta!
na ubavu mzima ukashika mwanga wa mtaa wetu,
mapipa ya taka na yote.

Kisha mpira wa maji.
Yeye ndani na tochi, mimi nje nikimwagilia
mpaka vidole vikafa ganzi.
Akafungua mlango.
"Tone moja. Pembe ya kulia."
Nikasema aa.
"Si nilikwambia haijakaa? Ukaitikia."
Ilikuwa ndefu kuliko hivyo, nikasema, uliyokuwa ukisema.

Akafuta tochi kwa fulana,
akaninyang'anya mpira.
"Ingia ndani wewe sasa."