Ukuta wa Upande wa Bahari

Usiku wa kuamkia Jumanne bahari ilidai mawe yake.
Hatua sitini za ukuta zikarudi ufuoni zilikotoka,
na kulipokucha kondoo kumi na saba
walikuwa shambani kwa Thorfinn Muir,
wakila nyasi kama watu waliokuta karamu mlango wazi.

Mgeni huuliza: kondoo kula nyasi, kosa liko wapi?
Hawa si wa nyasi. Hawa ni wa mwani.
Hapa Okni, kaskazini kabisa, wamelelewa upande wa chumvi:
maji yakipwa wanashuka
kutafuna mikanda ya kahawia inayoteleza miambani,
maji yakijaa wanapanda, wanalala, wanacheua.
Saa yao ni mwezi.
Nyasi tamu, wakizizoea, huwaoza ini.

Basi tukatoka, watu wanne na toroli moja.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajaishi hapa.
Hapa unaziba ufa,
na ukuta unaujenga vilevile.

Mama mkwe, Ragna, ana miaka sabini na minne
na magoti ya kuazima.
Amekalia ndoo, anaelekeza kwa sindano ya kufumia:
lile bapa, chini. Lile la pembe, ndani.
Jiwe ukishaliokota usilirudishe chini,
litafutie kazi.
Soksi ya kijivu inarefuka mapajani pake,
sufu ya jike aliyezaa pacha mwaka juzi,
haijatiwa rangi, bado inanuka pwani.

Zamani kila nyumba ilikuwa na kipande chake.
Akina Swanney walihamia Kanada,
walibeba saa ya ukutani, kitanda, hata mlango.
Kipande chao cha ukuta hawakukibeba.
Tunajenga chetu, kisha chao,
kisha cha mjane Baikie aliyekufa Februari.

Erlend, mjukuu, amekuja na glavu mpya kutoka mjini.
Saa sita zilikuwa zimetoboka.
Aliuliza mara moja tu, tunalipwa na nani?
Ragna akamkatia mkate.

Alasiri maji yakaanza kupwa.
Kondoo wakainua vichwa kabla yetu,
wakapita kwenye pengo mmoja mmoja,
bila mbwa, bila fimbo,
nasi tukaziba nyuma yao.

Giza lilimkuta Erlend na jiwe mkononi,
hajui pa kuliweka.
"Lishike," akasema Ragna, akikunja soksi yake.
"Kesho tupo."