Karatasi ya Kumi na Saba

Mtemani, Wete, nyumba ya mlango wa kijani,
kibao kimeandikwa kwa mkono:
MAKUMBUSHO YA KATUNI ZA KIJAPANI. VIATU NJE. ELFU MBILI.
Chini yake, kwa kalamu nyengine:
watoto wa jirani bure, wakiwa wamenawa.

Mbarouk, mtoto wa dada yangu, alinawa hadi viwikoni.
Alitaka majitu ya chuma, panga za moto,
vijana wenye nywele kama miba ya shokishoki.
Alikuta chumba cha mbele cha marehemu Shaame Kombo,
meza mbili, kabati la kioo,
na harufu ya siki.

"Ndivyo zinavyokufa," alisema Mize, bintiye.
"Nailoni hizi zikizeeka hugeuka siki.
Joto la Pemba halizitaki. Kila droo nimetia konzi ya karafuu.
Haisaidii, ila najiona nimefanya jambo."

Baba yake alikuwa mpishi katika meli ya mizigo.
Kobe, mwaka asioukumbuka mtu,
alikuta maboksi uchochoroni yakingoja gari la taka.
Wenzake walinunua redio.
Yeye alirudi na mwanamke anayeosha mchele
mara arubaini na moja.

Hayo ndiyo makumbusho, takriban yote.
Mwanamke, sufuria, maji.
Karatasi angavu kama ganda la kitunguu
na mkono mmoja unaozunguka, unywele kwa unywele,
hata ukizitazama mbili pamoja
utaapa ni moja.
"Sekunde tatu na kitu," Mize alisema.
"Filamu yenyewe sijaiona. Jina lake hatulijui."

Akanigeuzia moja mgongo.
Nyuma rangi ilikuwa nene, ina mabonde,
buluu imevuka mpaka ikarudishwa kwa ukucha.
"Hupakwa kwa nyuma. Baba aliambiwa wapakaji ni wanawake,
wamevaa glavu nyeupe. Hawatajwi popote."

Nikamuona mama.
Mama aliyeshona kofia miaka thelathini,
tundu kwa tundu, tundu dogo kuliko punje ya ufuta.
Siku ya Idi wanaume wakipita wamevaa macho yake,
na nani aliuliza?
Mafundo yake yalikuwa kwa ndani,
pale kinapogusa kipara.

Kisha umeme ukakatika.
Feni ikasita, na televisheni ndogo
aliyokusudia kutuwashia
ikabaki kioo cheusi chenye nyuso zetu.
Mbarouk akasonya.
Mize akazishika kama karata,
nikamulika kwa tochi ya simu,
akaziachia kwa kidole gumba,
frrr,
na mwanamke akaosha mchele.

Maji yalizunguka kweli.
"Tena," Mbarouk alisema. Tena.
Mara ya tatu akamkatiza:
"Mkono umeruka. Hapo. Pana kitu hakipo."

Wakahesabu nambari za pembeni:
kumi na tano, kumi na sita, kumi na nane.
Mize akacheka bila sauti.
"Miaka yote hii. Wageni wote hao."

Mimi ya kwangu naijua ilipo.
Alhamisi nilimuacha mama anatia uzi kwenye sindano,
amefumba jicho moja, ncha ya ulimi nje.
Jumamosi nilishuka Mkoani kutoka Unguja,
nikafika nyumbani, nikakuta mikeka,
na viatu vya watu mpaka barabarani.

"Nichore mimi?" Mbarouk aliuliza.
Akapewa karatasi ya daftari, kalamu ya risasi.
Alichora mkono wa vidole sita, akavihesabu,
akafuta kimoja: kile cha gumba.
Mize akaiweka mahali pake kwa heshima zote,
ingawa haipitishi mwanga.

Usiku niliosha mchele. Vidole vyanuka siki.
Nilizungusha maji nikihesabu,
na nilipofika kumi na saba
niliutoa mkono,
nikayaacha maji yazunguke yenyewe.