Kati ya Nyuzi Mbili

Mashine ya kwanza niliifunga Julai, pale Nkuhungu,
upepo ukikata masikio, vumbi likijipenyeza chini ya mlango.
Mayai mia tatu kamili, umeme umetulia,
nami nikapiga hesabu mpaka ikang'aa:
nyuzi joto thelathini na saba na nusu,
mstari umenyooka kwenye karatasi kama reli ya kwenda Manyoni.
Nyemo akalipa nusu.
Nusu nyingine, akasema, vifaranga wakilia.

Oktoba hawakulia.
Jua lilikuwa limepanda, umeme umeshuka
hadi balbu zikawa na macho ya mgonjwa,
mayai mia na themanini tu,
na nani aliniambia kwamba yai la wiki ya tatu
nalo ni jiko dogo?
Kihisi kikisema baridi, kidhibiti changu kinapaparika,
kinamwaga joto lote; kihisi kikisema moto,
kinazima, kimechelewa, kinawasha tena,
thelathini na tano, arobaini, thelathini na tano,
kama baiskeli kwenye mchanga wa Bahi,
kila ukiinyoosha ndivyo inavyopinda.

Nilipasua yai moja. La pili sikuweza.

Hesabu haikuwa na kosa. Ilikuwa sahihi
kwa mashine ambayo haipo.

Nikarudi kwenye daftari. Palipokuwa na namba
nikaandika mipaka:
umeme, mia na sitini hadi mia mbili na arobaini;
mayai, trei moja hadi kumi na sita;
usiku wa Julai hadi mchana wa Novemba.
Na yai lenyewe, kati ya nyuzi mbili, husamehe.
Sijui. Hilo nililikubali.
Ila kutojua kwangu kuna ua, na ua huo
nimeuzunguka kwa miguu, nikihesabu hatua.

Sasa si mashine moja, ni ukoo:
wazito wa kupata joto, wepesi wa hasira,
na mlezi ni mmoja.
Mtundu kuliko wote ndiye niliyemfikiria kwanza.
Nikapunguza ukali. Kidhibiti kilifuate kosa polepole,
kikumbuke la jana,
kisilipe deni lote kwa siku moja.
Mstari wangu ukaacha kung'aa. Ulijikongoja,
ukachelewa dakika saba,
lakini ulifika, kwa kila mwanaukoo niliyemjaribu.
Julai ningeucheka.

Machi umeme ulikatika mara nne usiku mmoja.
Alfajiri Nyemo akanipigia, hakusema haloo,
aliiweka simu kwenye kioo cha mashine:
ko, ko, ko-ko,
midomo ikigonga maganda kwa ndani.

Nikaenda kuchukua nusu yangu.
Nikakuta tofali la saruji limeegemea mlango wa mashine.
"Na hili?"
"Komeo lilivunjika tangu Krismasi. Hukuuliza."
Nikatoa daftari, nikaandika chini kabisa:
mlango, kufungwa hadi
"Huwa unafunguka kiasi gani?"
Akalisukuma tofali kwa kidole cha mguu,
tukainama wote wawili, tukatazama.