Somo la Yai

Oketcho ameufunga mkono wangu mzima
kwa soksi ya shule ya Tibita, yenye tundu kisiginoni.
"Mama Tibita," akasema, "huyu mchapakazi apumzike.
Leo tunamtaka mvivu."

Mvivu ni wewe.
Wewe wa kulia, uliyesukuma chapati miaka kumi na minane
pale Walukuba, ubavuni mwa kinyozi,
uliyeujua unga kwa kuugusa: huu umelowa, huu bado.
Mayai mawili, nyanya, kitunguu, kunja, mpe mteja.
Alfajiri ile kiharusi kilipopita
ukaniangukia pajani
kama mkono wa abiria nisiyemjua, amesinzia.
Nilikuita. Hukuitika.

Sasa maharage ishirini, toka bakuli hili hadi lile.
La kwanza linakimbilia chini ya meza.
La pili linalifuata.
Bega linapanda kukusaidia, Oketcho analishusha:
"Wewe hukuitwa."
Jasho linanitoka. Kwa maharage!

Nyumbani Kagoya anataka kunivalisha.
Namwambia, acha.
Gomesi ina vifungo viwili tu, Mungu ambariki aliyeibuni,
na kila kimoja ni robo saa.
Chai imepoa.
Nimekunywa hivyo hivyo, nimevaa.

Juma la sita nikaja na yai.
Oketcho akalitazama, akanitazama,
akatandika gazeti mezani.
Ukalizunguka, kidole kimoja, kingine, kile cha tatu kikisita
kama mkwe mlangoni.
Ukalikamata.
Halikupasuka.
Nilitaka kupiga kigelegele, kikatoka upande mmoja wa mdomo.

Lakini kuachia.
Hakuna aliyeniambia kwamba kuachia ni kazi yake peke yake.
Fungua, nikasema. Fungua.
Ukaling'ang'ania kama mtoto anayenyang'anywa.
Oketcho hakukugusa.
Mvua ilianza kwenye mabati,
mgonjwa aliyefuata akakohoa ili tujue yupo,
na mimi nikaacha kuamrisha,
nikakuangalia tu.

Kidole cha mwisho ndicho kilichotangulia.

Yai likabingirika, zima,
likaja kusimama kwenye matangazo ya vifo.

Nililirudisha nyumbani ndani ya ile soksi.
Kagoya akawasha sigiri, akauliza, nikukaangie?
Subiri, nikamwambia.
Kulivunja ni somo la wiki ijayo.