Mafiga ya Cañada Honda

Lami iliishia penye vyuma vya kuzuia ng'ombe,
kisha changarawe, kisha vumbi,
kisha alama mbili tu za magurudumu
katikati ya vichaka vya kijivu vinavyonuka dawa,
vikikwaruza milango ya gari kama kucha za mdai.
Mjomba Onofre akasema, "Hapa."
Nikamuuliza, hapa pana nini?
"Hapana kitu. Ndiyo maana."

Hapana bomba, hapana choo, hapana meza,
wala namba kwenye nguzo, wala mpokea ada.
Siku kumi na nne, yasema sheria ya msitu,
kisha uondoke, na ardhi isijue jina lako.
Maji tumebeba wenyewe, madumu mawili ya bluu,
na mjomba huyapima kwa macho kila ninaponawa
kama mwenye duka amtazamaye mtoto karibu na peremende.

Sepetu tuliisahau nyumbani Socorro,
imeegemea ukuta wa gereji, naiona hadi sasa.
Basi shimo la haja tukalichimba kwa kijiko cha supu,
shibiri moja kwenda chini,
mbali na korongo, hatua themanini za mtu mwenye goti bovu,
katika udongo mgumu kama mkono wa bahili.
Alicheka hadi akashindwa kuinuka.
Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Februari,
tangu tulipomzika dada yake.

Mwaka huu misonobari imezaa,
ile iliyosalia.
Mingi imekauka wima, sindano nyekundu kama kutu,
magome yametobolewa na wadudu wadogo kuliko punje ya mchele.
Tunatandika turubai chini ya mti mzima,
tunagonga matawi kwa ufito.
"Usiupige. Ubembeleze."
Kokwa zinaanguka, ta, ta-ta, ta,
na utomvu unanasa vidole
hadi jioni nikashindwa kufungua zipu ya hema.

Nyuma ya mreteni uliopinda ndipo nilipoyaona:
mawe matatu, meusi upande wa ndani.
Si lile duara la walevi wa Jumamosi
lenye vizibo na karatasi za fedha.
Mafiga tu.
Mjomba alitazama kando, akakohoa.
Mama aliyapanga hivyo, jiwe bapa upande wa upepo,
na maharage yake yaliiva
wakati wengine bado wanapekua mifuko kutafuta kiberiti.

Lakini moto umepigwa marufuku, hata mshumaa;
tangazo limepigiliwa misumari pale njia panda.
Tukala maharage baridi ndani ya kopo,
yeye huku, mimi kule, mafiga katikati,
kama watu waliowahi msibani kabla ya wenye msiba.
Baridi ikateremka kutoka majabalini bila hodi.
Mbweha wakaanza, mmoja, halafu wanane,
au labda wawili wenye makelele.
Nyota zilizidi adabu.
Mfukoni nilikuwa na kiberiti. Nakiri.
Nilikigusa mara nne.

Alfajiri mjomba akakunja turubai.
"Mawe yale," akasema, "yatawanye.
Moto wa jana huita moto wa kesho,
na msitu huu ni kiberiti chenyewe."
Akaingia garini, akafunga mlango,
akapandisha kioo ingawa hapakuwa na upepo.

La kwanza nililirusha korongoni. Likabingirika.
La pili lilikuwa zito, nikalisukuma kwa mguu.
Lile bapa nililibeba kifuani, masizi yakanipaka shati,
nikalilaza chini ya mreteni, weusi ukaelekea udongoni,
na mgongo wake wa kijivu juu, kama mawe mengine yote.
Nikafagia majivu kwa tawi.
Nikaokota kopo moja la bia lisilo letu.

Mjomba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.
Mawe matatu, vishindo viwili.
Najua alihesabu.
Akawasha gari.